Bajeti ya Kivuko Iliyokuwa na Keki

Stambuli hakuwa na kikokotoo, hakuwa na meza, na hakuwa na miwani ya kusomea. Ile aliyopewa misheni ilikuwa ya kuonea mbali. Hakuwa na simu inayokaa na chaji hadi adhuhuri. Hakuwa na uzoefu wa kutunza fedha, maana hata zake mwenyewe hazikuwahi kukaa naye muda wa kutosha wakazoeana. Hakuwa na ujasiri wa kumkatalia mwanamke anayemzidi umri. Na masika yaliyopita, tangu mvua ya kwanza mpaka maji yaliposhuka, hakuwa na mke.

Huyo ndiye tuliyemchagua kuwa mweka hazina wa Umoja wa Kivuko.

Habari ya mke inahitaji maelezo. Mwajuma hakuwa amekufa wala hakuwa ameachika. Alikuwa ng'ambo. Kijiji chetu kipo milimani juu ya Matombo, na mto umekipasua katikati. Upande huu kuna nyumba nyingi, shule na njia ya gari. Upande wa pili kuna mashamba ya ndizi na karafuu, na nyumba chache, mojawapo ya Bi Mwanvita, mama yake Mwajuma, ambaye magoti yake yamestaafu lakini ulimi bado uko kazini. Kiangazi unavuka kwa kukanyaga mawe. Mvua zikikolea mawe hayaonekani, na aliyeko ng'ambo anabaki ng'ambo. Basi Mwajuma alikwenda asubuhi moja kumjulia hali mama yake, mchana mvua ikapiga huko juu, na jioni mumewe akaonekana ukingoni amesimama na mwiko mkononi.

Simu bondeni hazishiki. Kwa hiyo mume na mke waliongea kwa kupaza sauti, mto ukinguruma katikati, na sisi wengine tukaifahamu ndoa yao kama redio. Stambuli aliuliza chumvi iko wapi, akajibiwa iko kwenye kopo la majani ya chai. Akauliza majani ya chai basi yako wapi, na hapo Bi Mwanvita akapokea zamu, akasema maneno ambayo mkwe hapaswi kuyasikia hata kwa kunong'onezwa. Stambuli alijipikia ugali ambao baadaye tuliuona umeziba tundu kwenye banda la kuku. Alikonda mpaka mkanda ukamzunguka mara mbili. Siku mto uliposhuka na Mwajuma kurudi, kijiji kilicheka sana, ila Mwajuma hakucheka.

Mwaka huu mawingu ya vuli yalipoanza kukaa mlimani, Mwajuma alisema neno lake mara moja. Alisema mama yake hawezi tena kumaliza mvua peke yake, na yeye amechoka kuwa mke wa kuitwa kwa makelele. Ikiwepo dalili ya kivuko, atasubiri. Isipokuwepo, atavuka mapema kabla maji hayajapanda, na safari hii atavuka na masufuria yote, kwa kuwa ya mama yake yanavuja.

"Dalili gani?" Stambuli aliuliza.

"Barua," alisema Mwajuma. "Ile anayoitaka yule dada wa mjini. Ikienda Ijumaa, nipo. Isipoenda, Jumamosi asubuhi utaniona kwenye mawe ya katikati, na sitageuka nyuma, maana nitakuwa na masufuria kichwani."

Yule dada ni Grace, afisa miradi wa shirika moja lenye ofisi Mafiga, mjini Morogoro. Alikuja mara moja, akavua viatu, akaingia mtoni hadi magotini na kupiga picha. Akatuambia shirika lake linaweza kutusaidia kujenga kivuko cha mbao cha watu wa miguu, ila tulete bajeti pamoja na barua yenye sahihi na muhuri wa kikundi, kabla ya saa tisa alasiri ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Akasisitiza kwamba anataka bajeti inayofanya kazi. Tukamjibu asiwe na wasiwasi, kijiji hiki hakuna kinachokaa bure.

Mimi ndiye katibu. Sikugombea, nilipewa kwa ajili ya mwandiko, nilioupata katika madarasa ya jioni mjini Morogoro enzi hizo nikitoka kiwandani na vumbi masikioni. Nilisomeshwa hesabu, Kiswahili sanifu na uandishi wa barua rasmi, na tangu hapo sijaacha kujiendeleza. Bajeti haikuwemo katika masomo yetu. Nilifungua kamusi, nikakuta kwamba ni makisio ya mapato na matumizi, nikawasomea wajumbe kwa sauti mara mbili. Wote wakaitikia kwa kichwa, nami nikaona somo limeingia.

"Katibu, hayo makisio mimi nimeyafanya kabla wewe hujaota mvi," alisema Bi Mwanahawa.

Bi Mwanahawa ni mwenyekiti wetu, mama mpana wa mwili na wa sauti, na hakuna harusi iliyowahi kupita bonde hili bila yeye kuwa mkuu wa kamati. Tulikuwa tumekaa barazani kwake, karafuu zimeanikwa kwenye jamvi mbele yetu, na ilibidi tukiri kwamba alisema kweli. Kati yetu wanne, yaani yeye, Stambuli, mimi na Luqmani fundi seremala, hakuna aliyewahi kuiona bajeti nyingine yoyote maishani isipokuwa ya harusi. Bi Mwanahawa aliingia ndani, akarudi na karatasi ya harusi ya binti yake wa mwisho. Akasema kazi imekwisha; tubadilishe majina tu.

Tukabadilisha majina. Palipoandikwa ukumbi tukaandika kivuko. Palipoandikwa maharusi tukaandika mgeni rasmi. Mapambo tuliyaacha yalivyo, kwa sababu hata daraja linahitaji kupendeza. Mshereheshaji tulimwacha pamoja na spika zake, maana mto una kelele. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuokwa, tuliiacha. Tulibishana kidogo juu ya keki, mpaka Luqmani alipopendekeza itengenezwe kwa umbo la kivuko, mgeni rasmi aikate katikati kama mto ulivyokikata kijiji, na hapo hata mimi niligusika. Sare za kamati ziliingia bila upinzani. Mpiga picha za video aliingia. Mkaja wa mama nao ulibaki, ile heshima anayopewa mama mzazi wa bibi harusi kwa ajili ya tumbo lililombeba mwanawe, kwa sababu hakuna kati yetu aliyethubutu kuufuta mkaja wa mama.

Chini kabisa, Luqmani aliponikumbusha, niliandika: mbao, misumari na kadhalika. Kisha tukapandisha kila kifungu kidogo, kwa kuwa mnunuzi lazima ashushe, na asipopata cha kushusha atajisikia vibaya. Nikapiga mistari miwili chini ya kichwa cha habari kwa kalamu nyekundu. Ilipendeza.

Jumatano Stambuli nami tuliipeleka Mafiga ili Grace aione kabla ya siku yenyewe. Nilivaa koti. Grace alitupa shikamoo zetu, akatuketisha, akaagiza chai, kisha akasoma karatasi kuanzia juu akishuka taratibu. Alianza na uso wa kazi. Alipofika katikati, kalamu ilisimama.

"Samahani, baba," alimwambia Stambuli. "Hapa anaolewa nani?"

Stambuli alinitazama mimi. Nilimweleza Grace, kwa lugha ya kueleweka, kwamba mkaja ni haki ya mama, na kwamba ukingo wa pili wa mto ni eneo la Bi Mwanvita, mama mkwe wa mweka hazina, ambaye ni mama na ana haki zake.

Grace alifikiri kidogo. "Kwa hiyo anayeolewa ni mto?"

"Ni kivuko, mwanangu," alisema Stambuli.

Sifa ninayompa binti yule ni kwamba hakucheka. Aliuma midomo, akaangalia dirishani kwa muda, kisha akageuza karatasi ikatuelekea sisi. Akasema bajeti ya chama kisichofanya biashara haiandikwi ili kumfurahisha mtu wala ili kushushiwa bei kama nyanya za sokoni. Inaandikwa ili yeyote atakayeishika, hata asiyetujua, aone kazi inavyokwenda mpaka mwisho wake. Halafu akatupa kipimo. Aliziba kila mstari kwa kidole, akauliza swali lile lile: nikikifuta hiki, mtu atavuka? Akaziba keki. Stambuli akasema atavuka. Akaziba spika, sare, mapambo, ndafu. Kote huko mtu alivuka bila taabu. Kidole kikashuka hadi mstari wa mwisho, mbao, misumari na kadhalika.

"Nikikifuta hiki?"

Stambuli aliinama kukitazama kile kidole. "Hapo ataloa," alisema.

"Na hii kadhalika ni kitu gani?"

"Kadhalika ndiyo kivuko chenyewe."

Grace akaandika pembeni kwamba kadhalika ipanuliwe. Kisha akauliza jambo lililotuumiza zaidi ya keki. Aliuliza sisi wenyewe, wanakijiji, tunatoa nini.

Chai ilipoa. Stambuli alisema tutatoa tu. Grace akauliza nini. Stambuli akasema vitu. Grace akauliza vitu gani, na Stambuli akaangalia viatu vyake, nami nikafunga kifungo cha koti kilichokuwa tayari kimefungwa. Msomaji wa kwetu ataelewa. Si kwamba hatukuwa na cha kutoa. Kila mmoja alikuwa na chake moyoni. Lakini kwetu anayetoa kitu halafu akakitaja, amesimanga. Bibi yangu alikuwa akipeleka ndizi kwa majirani kwa njia ya nyuma ili asishukuriwe. Sasa mtu akae ofisini Mafiga, mbele ya mwanamke mgeni, atangaze nimetoa hiki na kile, halafu kiandikwe, kipigwe muhuri? Heri kuonekana maskini.

Grace aliona kimya chetu akakisoma kwa namna yake. Alisema kwa upole kwamba kamati yake inakaa Ijumaa hiyo hiyo jioni, na ikikuta karatasi haina mchango wa kijiji, itasema mradi huu si wa wenyewe, na faili litafungwa hadi mwakani. Mwakani maana yake ni baada ya masika. Stambuli alinyanyuka bila kumaliza andazi, na kwa mtu ambaye alikuwa amejifunza njaa ukingoni mwa mto, ile ilikuwa dalili kubwa.

Alhamisi tulikutana tena barazani. Nilieleza kipimo cha Grace, Luqmani akaandikisha safu mbili za mbao na vishikio vya mikono mahali pa kadhalika, na kazi ya kufuta ikaanza. Bi Mwanahawa aliiachia keki kama mtu anayemsindikiza mwanawe jeshini. Kwenye sare aligoma.

"Nikizifuta sare mtu atavuka, sawa," alisema. "Lakini nani atajua kwamba mimi ni wa kamati?"

"Wewe Bi Mwanahawa unajulikana kwa kivuli tu," alisema Luqmani. "Kikifika sokoni watu wanaanza kuanua mboga wakidhani jua limezama."

Luqmani ni Mzigua, amehamia huku kwa kazi ya useremala, na Mzigua kwetu ni mtani. Ana ruhusa ya kusema lolote na lazima ajibiwe.

"Na wewe ulifika bonde hili ukifuata harufu ya pilau," Bi Mwanahawa alimjibu. "Leo pilau limefutwa. Unangoja nini, si urudi Handeni?"

Sare zikafutwa. Tatizo ni kwamba kufuta kuna utamu wake, na tukanogewa. Tulipomaliza mambo ya harusi hatukusimama. Bi Mwanahawa, ambaye sasa alikuwa na uchungu wa ndafu, aliuliza kama misumari ikifutwa mtu atavuka. Luqmani akasema kitaalamu mtu anaweza kufunga kwa kamba. Misumari ikafutwa. Bi Mwanahawa akauliza juu ya safu ya pili ya mbao. Mtu mwembamba atavuka, tukasema. Ikafutwa. Vishikio vya mikono vikafutwa, kwa kuwa mwenye mikono miwili anaweza kujishika mwenyewe. Kufikia alasiri kivuko chetu kilikuwa kimebaki gogo moja. Gogo hilo tunalo tayari, na mwaka jana mbuzi wa Luqmani aliteleza akaanguka kutoka juu yake, akaokolewa kwenye kona ya tatu akiwa hana hamu tena ya majani.

Bi Mwanahawa alinyoosha mkono apewe karatasi agonge muhuri. "Ni bajeti safi," alisema. "Hata senti hawatoi. Watatupenda."

Hapo Stambuli alisema hapana.

Tulidhani anakohoa. Akarudia.

"Hapana, mama. Mimi mkwe wangu hana magoti. Kivuko ambacho Bi Mwanvita hawezi kupita si kivuko, ni mti."

Bi Mwanahawa alibaki na muhuri hewani. Stambuli aliendelea. Alisema sisi tumekuwa tukiuliza kama mtu atavuka, na mtu ni neno pana. Hata chura tukimkubali kuwa mtu atavuka. Tuulize kama Bi Mwanvita atavuka. Tuulize kama atavuka na fimbo yake, mvua ikinyesha, akitukana.

Sina budi kusema kwamba kwa kipimo hicho bajeti iliandikika kama inayojiandika. Misumari ilirudi mbio. Safu ya pili ya mbao ilirudi na kuongeza ya tatu, kwa ajili ya fimbo. Vishikio vikarudi pande zote mbili, na Luqmani akataka viwe chini kidogo kwa kuwa Bi Mwanvita ni mfupi na akiambiwa ni mfupi anarusha vitu. Tuliweka mawe ya kuzuia maji yasile ukingo. Tuliweka usafiri wa mbao kutoka Matombo, kwa bei ya kweli, ile ambayo dereva angeikubali baada ya kugombana, si kabla. Tuliweka akiba ya dharura, maana mto huu haujawahi kukosa dharura. Stambuli akakumbusha kwamba mbao zinaoza, tukatenga kidogo kwa ajili ya kubadilisha chache kila mwaka. Kadhalika nikaifuta kabisa kwa rula. Mkaja wa mama haukufutwa na mtu. Tuliuhamishia pembeni, kwa makubaliano kwamba Stambuli atautoa mfukoni mwake siku mfuko huo utakapokuwa na kitu.

Ikabaki sehemu moja: mchango wa kijiji. Niliandika kichwa cha habari, nikapiga mstari, nikainua kalamu. Bi Mwanahawa alianza kuchagua vijiti kwenye karafuu. Luqmani aliukagua mlango ambao aliutengeneza mwenyewe miaka mingi iliyopita. Tulikaa hivyo mpaka kuku wakapanda kulala, tukaagana kwa adabu, na karatasi ikiwa tupu chini ya mstari.

Ijumaa asubuhi tulikutana tena, wote tukiwa na macho ya watu waliokosa usingizi. Gari la misheni hupita njia ya juu saa nne kwenda mjini, na hilo ndilo lilikuwa tumaini pekee la kuifikisha barua kabla ya saa tisa. Nilikuwa nimenyanyua kalamu kwa mara ya tano hivi Mwajuma alipoingia uani. Alikuwa na masufuria kichwani, makubwa chini, madogo juu, na kifurushi cha nguo ubavuni. Alitusalimu. Alisema Jumamosi ni mbali na mawingu yako karibu, kwa hiyo amekuja kuaga leo.

Stambuli alimtazama kama mtu anayetazama moshi kwenye paa lake.

Nilimwambia Mwajuma kwamba barua iko tayari, imekwama kwenye mstari mmoja tu, na nikamweleza ule mstari. Alisikiliza bila kutua masufuria.

"Sasa nani kawaambia mtu ataje chake?" alisema. "Kumtaja mwenzio si kusimanga, ni kusifu. Katibu, si mtajane?"

Nimesoma vitabu vingi, na naweza kusema kwamba wakati mwingine jibu huingia chumbani likiwa na masufuria kichwani. Luqmani alinyanyuka hapo hapo, na nilivyoona, alikuwa amelingoja jambo hili muda mrefu. Alisema Bi Mwanahawa ana mawe ya msingi wa nyumba yake ya zamani, lundo zima nyuma ya choo, na amekuwa akiyapanga kwa siri kwa ukubwa ili yatufae kwenye ukingo. Na kwamba atawapikia mafundi kila siku ya kazi, na chakula chake si kibaya ukikizoea.

Bi Mwanahawa alijifunika kanga usoni, kisha akaifunua apate kulipa. Alisema Luqmani ameazimia kutochukua ujira wake wa useremala, hata wa siku moja, na kwamba hilo ni jambo kubwa, ingawa siku za Luqmani zina usingizi wa mchana ndani yake, kwa hiyo katibu aandike nusu. Luqmani akasema aandike zote na usingizi uandikwe kama mchango wa ziada. Niliandika zote. Juu yangu mimi Stambuli alisema maneno ambayo sitayaandika hapa, ila yalihusu mchanga wa shambani kwangu, na yalikuwa ya kweli.

Akabaki Stambuli. Tulitazamana. Kila mmoja alitafuta kichwani kitu ambacho Stambuli angeweza kutoa, akakikosa. Yeye mwenyewe alikuwa anachora chini kwa kidole cha mguu. Shamba analolima ni la ukoo wa mkewe, kama ilivyo kwetu kwa mwanamume aliyeoa. Ardhi inafuata akina mama. Kilicho chake ni kile alichokipanda kwa mkono wake, na hicho ni mifenesi miwili tu, aliyoipanda mwaka aliooa. Kila mtu anajua anavyoipenda. Huwafukuza watoto wanaoitupia mawe, na jioni hukaa katikati yake kama tajiri kati ya magari yake.

"Mifenesi yote miwili," alisema Mwajuma. Sauti ilikuwa imeshuka. "Mti wa fenesi hauozi majini haraka. Nguzo zote nne za kivuko zimo humo. Jana jioni alijifanya anakwenda kuoga, nikamfuata, nikamkuta anaitia alama za shoka ili ikatwe. Ameniapisha nisiseme."

"Mwajuma," alisema Stambuli.

"Sisemi chako, nakusifu. Nyamaza nikusifu."

Niliandika mifenesi miwili kwa mwandiko wangu bora. Mwajuma alitua masufuria barazani, kubwa kwanza, halafu akaketi juu ya kifurushi chake cha nguo kama mgeni aliyeamua kungoja chakula. Tukatia sahihi mmoja mmoja, Stambuli akiwa amevuta shingo nyuma kabisa ili miwani yake ya mbali iione karatasi. Bi Mwanahawa akagonga muhuri, mara mbili kwa furaha, nikamwambia moja inatosha kisheria.

Ndipo tulipokuta bahasha haishiki. Gundi yake ilikuwa imeliwa na unyevu wa milimani. Honi ikalia njiani. Agustino, dereva wa misheni, ni mtu wa msimamo. Aliwahi kubeba barua isiyofungwa, habari zake zikasambaa Matombo yote, na lawama zikamwangukia yeye, na tangu hapo habebi barua iliyo wazi hata ya askofu. Tulijaribu mate. Tulijaribu ugali wa jana, ila ulikuwa wa Bi Mwanahawa, mwepesi, ukateleza. Luqmani akatoa msumari, tukamkatalia.

Stambuli alikwishaondoka mbio. Alirudi akihema, amekunja jani la mgomba mkononi, na ndani yake utomvu mweupe uliokuwa unachuruzika kutoka kwenye alama za shoka. Utomvu wa fenesi ukishika kitu, kitu hicho na wewe mnakuwa ndugu. Aliupaka kwenye mdomo wa bahasha kwa kidole gumba, akaukunja, akakandamiza, na bahasha ikafungwa pamoja na kidole gumba. Tulivuta. Mwajuma akaleta mafuta ya taa, akamkomboa mumewe taratibu, ngozi kidogo ikabaki kwenye barua. Bi Mwanahawa akasema imebaki kuikandamiza vizuri, akaiweka kwenye kiti, akaikalia. Honi ililia tena, naye hakunyanyuka mpaka aliporidhika.

Agustino aliipokea dirishani, akaijaribu kwa ukucha kila upande, akajaribu kuitenganisha, akashindwa. Akauliza imefungwa na nini. Stambuli akasema na mifenesi yake. Agustino akaiweka mbele kwenye dashibodi, ikiegemea kioo, akaingiza gia, na barua ikaondoka kuelekea Mafiga, imeshikamana imara na kioo cha gari.